Tamasha la Lafayette: jinsi akordeoni na chungu cha gumbo vilivyoondoa haya ya kusema lugha ya nyumbani

Kila mwaka, katika mwezi wa kumi, joto linapoanza kupungua kusini mwa Marekani, wakaaji wa Lafayette, mji wa jimbo la Louisiana, hukusanyika katika bustani ya Girard Park kwa siku tatu. Kuingia ni bure. Jukwaani wapiga violini na akordeoni wanapokezana. Chini ya miti, vyungu vikubwa vinachemka, na harufu ya pilipili na vitunguu inafika mpaka barabarani. Wazee wanacheza valsi na wajukuu wao. Tamasha hilo linaitwa Festivals Acadiens et Créoles, na mgeni anayepita anaweza kufikiri ni sikukuu ya kula na kucheza tu.

Historia yake inaonyesha jambo lingine. Tamasha hilo lilizaliwa mwaka 1974 kwa sababu watu walikuwa wamefundishwa kuona haya kwa lugha yao, muziki wao na chakula chao. Na kwa Mkongomani kuna jambo la kushangaza zaidi: lugha iliyokatazwa masomoni kule, ile ambayo mtoto alipigwa kwa kuisema, ni kifaransa.

Watu waliofukuzwa mara moja, wakatawanyika dunia nzima

Wacadien, ambao wasema kingereza waliwageuza jina wakawaita Cajun, hawakutoka Louisiana. Babu zao walikuwa wakulima kutoka Ufaransa waliofika mwanzoni mwa miaka ya 1600 katika eneo lililoitwa Acadie, pwani ya mashariki ya Kanada ya leo. Walijenga kuta za udongo kuzuia maji ya bahari, wakalima mashamba juu ya mabwawa yaliyokauka, wakafuga ng'ombe. Mwaka 1713, kwa mkataba wa Utrecht, Ufaransa iliachia Uingereza eneo hilo. Wacadien walibaki, lakini walikataa kuapa kwamba wangebeba silaha kwa ajili ya mfalme wa Uingereza. Walitaka kukaa bila upande.

Mwaka 1755, vita ilipokaribia tena, gavana Charles Lawrence aliamua kuwaondoa wote. Tarehe 5 mwezi wa tisa, katika kijiji cha Grand-Pré, wanaume waliitwa kanisani. Humo walisomewa amri: mashamba na mifugo vimekuwa mali ya mfalme, na wao wenyewe watapakiwa katika mashua. Nyumba zilichomwa ili wasirudi. Jamaa nyingi zilitenganishwa. Mpaka mwaka 1763 watu wanaokadiriwa 10,000 na zaidi walikuwa wamefukuzwa, wakatupwa katika makoloni ya kiingereza, Uingereza kwenyewe na Ufaransa. Wengi walikufa kwa magonjwa na kwa kuzama baharini. Wao wenyewe wanauita msiba huo le Grand Dérangement, yaani usumbufu mkubwa. Ni neno dogo kwa jambo zito, kama vile wazee wanavyofanya wakizungumza juu ya vita.

Mwaka 1765 kundi lililoongozwa na Joseph Broussard, aliyejulikana kwa jina la Beausoleil, lilifika Louisiana. Wakati huo Louisiana ilikuwa imepita mikononi mwa Hispania, lakini wakaaji wake walisema kifaransa. Mwaka 1785 meli saba zilitoka Ufaransa zikileta wengine wapatao 1,600. Walikaa kando ya mito midogo na mabwawa, wakajifunza kuvua, kulima mchele na kuishi na mamba.

Chungu kimoja, mikono mingi

Hapo hawakuwa peke yao. Waliwakuta wenyeji wa asili kama Wachoctaw na Wahouma, Wafaransa waliotangulia, Wahispania, Wajerumani, na Waafrika waliokuwa watumwa. Watumwa wa kwanza wa Louisiana wengi walitoka Senegali na nchi za jirani. Baadaye, wakati wa utawala wa Hispania na baada yake, walifikishwa wengi waliotoka bonde la Kongo na Angola. Ndiyo maana mjini New Orleans kuna kiwanja kinachoitwa Congo Square, ambako watumwa waliruhusiwa kukusanyika siku ya Mungu, wakapiga ngoma, wakacheza na kuuza chakula.

Chakula kinachojulikana zaidi katika tamasha la Lafayette kina alama ya watu hao wote. Gumbo ni supu nzito. Mpishi anaanza kwa kukaanga unga wa ngano katika mafuta, polepole, akikoroga bila kuacha, mpaka unga unapata rangi ya kahawia. Ufundi huo ni wa kifaransa. Kisha anatia vitunguu, pilipili hoho na majani ya seleri, halafu kuku, soseji au kamba. Ili supu iwe nzito na ya kuteleza, wengine wanatia unga wa majani makavu ya mti wa sassafras, ambao walifundishwa na Wachoctaw. Wengine wanatia bamia, mboga ile ile ambayo Kinshasa wanaita dongodongo. Bamia zilitoka Afrika, na jina zilisafiri nalo. Wataalamu wengi wa lugha wanasema neno gumbo linatokana na kingombo, jina la bamia katika lugha za kibantu za upande wa Angola. Kwa hiyo chakula ambacho Marekani nzima inakijua kuwa cha Louisiana kina jina la kibantu. Na kinaliwa na mchele, siyo na mkate.

Kamba wa matope naye ana historia yake. Mnyama huyo mdogo wa maji matamu, jamaa ya kosakosa, anapatikana katika mabwawa na mashamba ya mchele. Zamani alikuwa chakula cha maskini. Mtu mwenye makuta hakumweka mezani mbele ya mgeni. Mwaka 1959 mji mdogo wa Breaux Bridge ulifikisha miaka 100, na bunge la Louisiana likautangaza kuwa mji mkuu wa kamba hao duniani. Mwaka uliofuata tamasha la kamba likaanza hapo. Leo wakulima wengi wanafuga kamba katika mashamba yale yale wanamopanda mchele, mavuno moja baada ya mengine, na kamba anachemshwa pamoja na mahindi, viazi na pilipili nyingi, akamwagwa juu ya meza iliyotandikwa magazeti. Kile kilichofichwa kikawa fahari. Lakini lugha ilichelewa kupata bahati hiyo.

Magoti juu ya mahindi

Mwaka 1921 Louisiana ilipata katiba mpya. Katiba hiyo iliamuru kwamba masomo yote ya serikali yafundishe kwa kingereza tu. Wakati huo, katika vijiji vingi vya kusini, mtoto alifika darasani akiwa hajui neno moja la kingereza. Akiomba ruhusa ya kwenda msalani kwa lugha aliyoijua, aliadhibiwa. Wengine waliandika mara mia moja au mia mbili kwamba hawatasema tena kifaransa katika uwanja wa masomo. Wengine walipigwa fimbo, ama kupigishwa magoti juu ya punje za mahindi. Walimu wengine walikuwa wenyewe watoto wa wasema kifaransa.

Msomaji wa Kongo aliyepita katika masomo ambako lugha ya nyumbani ilikatazwa atayaelewa haya upesi. Tofauti ni kwamba kwetu kifaransa ndiyo lugha ya ofisi, ya diploma, ya wakubwa. Kule kilikuwa lugha ya mvuvi na mkulima. Hii inatufundisha kwamba hakuna lugha iliyozaliwa kuwa ya juu au ya chini. Ni mamlaka inayoipandisha au kuishusha, na mtoto ndiye anayelipa.

Fimbo haikufanya kazi peke yake. Mafuta ya petroli yaligunduliwa karibu na mji wa Jennings mwaka 1901, na kazi nzuri za visima zilitaka mtu anayesema kingereza. Barabara zilifika, radio zikafika, kisha vita vya pili vya dunia vikapeleka vijana mbali. Baadhi ya askari hao waligundua kule Ufaransa kwamba lugha waliyochekewa ilikuwa na faida: walitumiwa kama wakalimani. Lakini waliporudi nyumbani, wengi wao waliamua wasiwasemeshe watoto wao kifaransa, ili wasiteswe kama wao. Hivyo lugha ilikatika ndani ya nyumba, kwa mapenzi ya wazazi.

Muziki wa jikoni na chumba cha watoto

Muziki ulidumu kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu haukuwa na mwalimu wa kuukataza. Watu walicheza katika nyumba, siku ya posho. Samani zilitolewa nje, watoto wadogo wakalazwa katika chumba cha pembeni ili wazazi wacheze. Kutokana na desturi hiyo dansi hizo zikaitwa fais do-do, maneno ya kumbembeleza mtoto alale. Violini ilikuwa ya zamani. Akordeoni ilikuja kutoka Ujerumani katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, ikapendwa kwa sababu sauti yake ilishinda makelele ya miguu na watu. Kwetu Kongo chombo hicho hicho kilipita njia nyingine, ya bandari na ya wafanyabiashara, mpaka kikamfikia Camille Feruzi, ambaye wazee wanamkumbuka. Pembe tatu ya chuma, wapiga muziki wa Louisiana waliifua kwa meno ya reki za zamani za kukusanya majani.

Mwaka 1928 Joe Falcon na Cléoma Breaux waliimba katika sahani ya kwanza ya muziki wa Kicadien, na wimbo wao ulikuwa juu ya kwenda Lafayette. Mwaka uliofuata, Amédé Ardoin, mweusi mwenye sauti ya juu na vidole vyepesi juu ya akordeoni, alirekodi pamoja na Dennis McGee, mzungu mpiga violini. Walikuwa wanapiga pamoja wakati sheria na desturi zilitenga weusi na wazungu katika mambo karibu yote.

Habari iliyopokelewa na wazee wa huko inasema kwamba usiku mmoja, katika dansi ya wazungu, Ardoin alitokwa na jasho na binti wa mwenye nyumba akampa kitambaa chake ajipanguse. Wanaume wawili waliona. Walimngojea barabarani, wakampiga vibaya sana. Tangu hapo akili yake haikurudi vizuri. Alikufa mwaka 1942 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Pineville, akazikwa pasipo jina. Nyimbo zake zilibaki. Wapiga akordeoni wazungu walizirudia mwaka kwa mwaka, na leo hakuna tamasha la Kicadien ambalo kazi yake haisikiki ndani yake.

Watu 17,000 waliokataa kuketi

Kufika miaka ya 1950, muziki huo ulikuwa umeanza kuitwa makelele ya wazee wa mashambani. Mwaka 1964 waongozi wa tamasha la Newport, kaskazini mwa Marekani, walituma mtu wao, Ralph Rinzler, kutafuta wapiga muziki wa asili. Alichagua watatu: Gladius Thibodeaux, Louis Lejeune na Dewey Balfa. Balfa alikuwa mtoto wa mkulima wa kupanga, na katika maisha yake alifanya kazi nyingi, hata kuendesha basi la wanafunzi. Nyumbani kuna watu walioona haya. Mwandishi wa gazeti moja la kwao aliandika kwa kejeli kwamba muziki kama ule ungetia Louisiana aibu mbele ya wageni.

Balfa alisimulia baadaye kwamba alikuwa hajawahi kuona hata watu 200 kwa mara moja. Kule Newport walikuwa 17,000, na hawakuwaachia watoke jukwaani. Alirudi nyumbani na neno moja rohoni: makofi yale lazima yasikike Louisiana kwenyewe. Sifa ya mbali haiponyi haya ya nyumbani. Miaka miwili baadaye Bois Sec Ardoin, binamu wa Amédé, na Canray Fontenot, wote weusi wasema kifaransa, nao walipiga Newport.

Upande wa serikali, mwaka 1968 bunge la Louisiana liliunda baraza la kuendeleza kifaransa, CODOFIL, likiongozwa na James Domengeaux, wakili aliyewahi kuwa mbunge huko Washington. Yeye aliamini masomo. Alileta walimu kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Quebec. Lakini kukatokea taabu: watoto walifundishwa kifaransa cha vitabu, wakirudi nyumbani hawasikilizani na bibi yao, na bibi akapata sababu ya pili ya kuamini kwamba anasema vibaya. Vijana kama Barry Jean Ancelet, aliyekuwa bado mwanafunzi, walisema muziki ndio mlango. Domengeaux hakuupenda sana mwanzoni, lakini alikubali.

Usiku wa tarehe 26 mwezi wa tatu 1974

Onyesho liliwekwa katika ukumbi wa Blackham Coliseum, mahali ambapo kwa kawaida huonyeshwa mifugo. Lilipangwa wakati ambapo waandishi wa habari wapatao 150 wasema kifaransa kutoka nchi mbalimbali walikuwa na mkutano mjini. Waongozi walifanya uamuzi mmoja wa maana: isiwe dansi. Watu wakae, wasikilize. Katika dansi, mpiga muziki ni kama taa, anamulika tu watu wafanye yao. Safari hii walitaka atazamwe usoni.

Walikuja watu wanaokadiriwa 12,000, wengi kuliko viti. Walipiga ndugu Balfa, Nathan Abshire, Bois Sec Ardoin na Canray Fontenot, na pia Clifton Chenier, mfalme wa zydeco, muziki wa weusi wa Louisiana ambamo ubao wa bati unavaliwa kifuani na kukwaruzwa kwa vifungulia chupa. Mwanafunzi aliyejua lugha ya babu yake kuwa kosa la darasani aliona ukumbi mzima ukiishangilia, mbele ya wageni walioandika habari katika daftari zao.

Usiku huo ulirudiwa mwaka uliofuata. Kabla ya muongo kuisha tamasha likatoka ukumbini likaenda nje, Girard Park, likaunganishwa na sikukuu ya kazi za mikono na ile ya chakula. Huko watu walianza kucheza tena, na hakuna aliyewazuia, kwa sababu heshima ilikuwa imeshapatikana. Dewey Balfa aliendelea kupita katika masomo akipigia watoto violini, hata baada ya ndugu zake wawili, Will na Rodney, kufa katika ajali ya gari mwaka 1979. Yeye alifariki mwaka 1992.

Nani anatajwa jina

Kwa zaidi ya miaka 30 tamasha liliitwa Festivals Acadiens. Weusi walipiga jukwaani, walipika, walicheza, lakini jina halikuwataja. Mwaka 2008 likabadilishwa: Festivals Acadiens et Créoles. Ni neno moja limeongezwa, lakini kwa jamaa za wasema krioli, ambao bamia zao ziko chunguni na nyimbo za Ardoin ziko katika kila akordeoni, neno hilo lilikuwa deni. Mwaka 2018 sanamu ya Amédé Ardoin iliwekwa karibu na Opelousas. Upande wa Wacadien, mwezi wa kumi na mbili 2003 serikali ya Kanada, kwa jina la malkia Elizabeth II, ilikubali rasmi mateso ya 1755 na kuweka tarehe 28 mwezi wa saba kuwa siku ya ukumbusho. Kwa makundi yote mawili, kuitwa kwa jina kulichukua muda mrefu kuliko kualikwa jukwaani.

Je, lugha imepona? Hapana, bado. Kila hesabu ya watu inaonyesha wazee wanaosema kifaransa wakipungua. Wakati wa tamasha la kwanza wasema kifaransa wa Louisiana walikuwa zaidi ya nusu milioni. Leo ni wachache mno kuliko pale. Wanaocheza Girard Park wengi wanaimba maneno wasiyoweza kuyatumia sokoni. Kwa upande mwingine, tangu miaka ya 1980 kuna masomo ya serikali ambamo watoto wanafundishwa hesabu na sayansi kwa kifaransa, na wazazi wanaowaandikisha wengi ni wajukuu wa wale waliopigishwa magoti. Mzazi hapeleki mtoto kujifunza lugha anayoionea haya. Hapo ndipo kazi ya tamasha inaonekana: halikufundisha lugha, liliondoa haya, na baada ya hapo mwalimu akapata wanafunzi.

Kwetu, ambako watoto wengi wa mjini wanajibu kifaransa kibaya wakati bibi anawauliza kwa lugha yake, mambo hayo si ya mbali. Louisiana ilihitaji wageni wa Newport na waandishi 150 wa ng'ambo ili iamini kwamba violini ya jirani ina thamani. Ilipoamini, wengi waliozijua nyimbo na maneno walikuwa tayari kaburini. Wazee wetu wanaojua majina ya majani, methali na nyimbo za kazi wangali wapo, na hawahitaji jukwaa kubwa. Wanahitaji mtu wa nyumbani akae karibu yao, awaulize, na awasikilize.